Mafuta ya Ndege

Nilikunywa chai iliyochemshwa kwa mafuta ya ndege, nikashukuru, nikaondoka na dumu la lita tano la mafuta hayo hayo. Sikuunganisha mambo hayo mawili mpaka siku mbili baadaye, nikiwa nimesimama kando ya lami ya kwenda Sitalike, na mama wa watu amekaa ndani ya gari la marehemu mwanawe. Naanza na hapo kwa sababu nikianza na mwanzo nitajitetea. Najijua.

Mimi ni fundi wa magari wa kujifundisha. Wazazi wangu walihama na ng'ombe kutoka Usukumani, wakafika Kasekese nikiwa bado nabebwa mgongoni, na matarajio yao yalikuwa nijue ng'ombe na mpunga. Nikajua pikipiki ya baba. Baadaye nikajua trekta la jirani, na baada ya hapo simu ndiyo ikawa mwalimu wangu. Sasa nina kona yangu kwenye gereji moja mjini Mpanda. Nina mashine ndogo ya kusoma kompyuta ya gari, geji ya kupimia kompresheni, na daftari ambalo naandika kila kitu. Nikifunga nati naigusa mara tatu. Kuna siku nimefika nyumbani, nimeshavua viatu, nikavaa tena nikarudi kuigusa mara ya nne.

Mwenye gereji, mzee tunayemwita Fundi Mkubwa, ananiita Injinia. Hanisifii.

"Injinia," aliniambia siku moja nikiwa nafuta plagi ambayo ilikuwa imeshafutwa, "hiyo plagi ukiendelea itakuomba talaka."

Watu hudhani anayerudia kazi mara nne anaipenda sana kazi yake. Kwa kweli naogopa. Fundi aliyepita chuo akikosea, watu husema amekosea. Mimi nikikosea watasema si tulisema. Sina cheti cha kujifichia, kwa hiyo najificha kwenye daftari.

Hajati alikuja gereji asubuhi ya Jumatatu, amevaa baibui jeusi na kandambili za kiume. Ana duka la vitambaa karibu na soko, na mjini hakuna asiyemjua. Mwanawe wa pekee alifariki kwa ugonjwa miaka miwili kabla, akaacha gari la michezo aliloagiza kutoka Japani: dogo, la bluu, milango miwili, limekaa chini kama linachungulia uvungu wa magari mengine, na lina turbo. Alipokuwa hai, watu walijua anapita kabla hawajamwona. Injini ilivuma kama mzinga wa nyuki ulioguswa, na watoto wa mtaani waliliita gari la nyuki. Alipokufa, Hajati alilifunika turubai nyuma ya duka na hakuna aliyeligusa.

"Baba zake wadogo wanakuja kutoka Tabora baada ya Idi," alisema. "Wanasema gari lisilotembea ni chuma. Wanataka walikate, wauze spea. Nimewaambia likitembea linabaki kwangu, lisipotembea walichukue. Wamekubali."

Fundi Mkubwa akajifuta mikono. "Hajati, nani atakuwa analiendesha? Wewe huendeshi."

"Sijasema nataka kuendesha. Nataka kulisikia." Kisha akanigeukia. "Huyu binti ndiye anayesoma kompyuta za magari?"

"Ndiye. Ila ni Msukuma, Hajati. Gari likimshinda ataliswaga."

"Aliswage, mradi lifike," Hajati akasema, na akanikabidhi ufunguo. Ulikuwa na kishikizo cha ngozi kilichochakaa upande mmoja, pale kidole gumba cha mtu kilipokuwa kikigusa.

Nilifanya kazi ile wiki tatu. Nilimwaga petroli iliyokuwemo, ambayo ilikuwa imeoza na kunuka kama rangi ya kupaka mlango. Nilifungua tanki, nikalisafisha, nikabadilisha chujio, pampu ya mafuta, oili, plagi na betri. Nilipima kompresheni ya silinda zote nne, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa, na zote zilikuwa sawa. Niliziandika kwenye daftari kwa wino, nikapigia mstari. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyesahihisha mtihani wake mwenyewe.

Halafu nikafungua kifuniko cha kujazia mafuta nikakuta kibandiko.

Kilikuwa na maandishi ya Kijapani, mekundu. Nikakielekezea simu initafsirie, ikaniambia: petroli ya daraja la juu tu. Lile neno "tu" ndilo lililoniumiza. Kama kingesema "ikiwezekana", nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Nilikwenda sheli ya njia panda nikamuuliza dada anayejaza mafuta, "Hii petroli yenu ina namba ngapi?"

"Namba ya nini?"

"Oktani."

Alinitazama juu mpaka chini. "Dada, hapa kuna pampu namba moja na pampu namba mbili. Namba moja ni dizeli."

Fundi Mkubwa naye hakunisaidia. "Petroli ni petroli. Kama unataka kali, subiri lori lishushe mpya. Ile ya siku ya kwanza ndiyo kali."

Hapo nilijibu kwa kiburi, na kiburi hicho nakikumbuka vizuri. Nilimwambia kwamba oktani si ukali. Ndani ya silinda petroli hubanwa pamoja na hewa kabla plagi haijatoa cheche. Petroli ya namba ndogo haivumilii kubanwa, inalipuka yenyewe kabla ya cheche, na mlipuko huo huigonga pistoni kama nyundo. Ya namba kubwa inavumilia, inasubiri cheche. Turbo inasukuma hewa nyingi zaidi, kwa hiyo inabana zaidi, kwa hiyo inahitaji petroli yenye subira zaidi. "Namba inapima uvumilivu," nikamwambia. "Nyie mnaita kali kitu ambacho ni kipole."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa. Sasa petroli pole tutaitoa wapi Mpanda?"

Swali hilo nikaondoka nalo nyumbani.

Nilisoma kurasa za watu wenye magari kama lile, watu wa nchi za mbali wanaobishana kwa lugha ya hasira. Mmoja alisema petroli ya kawaida ya sheli inatosha kama dereva ni mstaarabu, kwa sababu kompyuta ya gari itajirekebisha yenyewe. Mwingine akamjibu kwamba anayesema hivyo hajawahi kuona pistoni iliyotoboka, na akaweka picha. Niliiangalia picha ile mara nyingi kuliko nilivyoangalia picha za ndugu zangu. Tundu dogo, jeusi, katikati ya kichwa cha pistoni.

Kwa Kiingereza chao walisema injini ina "knock", yaani inagonga, na kwao neno hilo ni onyo tu, jambo la kurekebisha. Sisi neno hilo tumelichukua na kulipa uzito mwingine. Kwa mafundi wa kwetu, injini ikinoki imekufa. Mtu anasema "imenoki" kwa sauti ile ile anayosemea msiba. Kwa hiyo kila nilipolisoma, wao waliandika onyo na mimi nilisikia kifo. Kichwani nikamwona Hajati nyuma ya duka, turubai limekunjwa, na wanaume kutoka Tabora wakipakia milango kwenye lori.

Katika kurasa hizo hizo mtu mmoja akaandika kwamba yeye huongeza mafuta ya ndege kwenye petroli yake, na namba inapanda vizuri. Wengine watatu wakakubali. Nikatafsiri kichwani: mafuta ya ndege. Nikacheka peke yangu kwa raha. Sheli zetu zinauza petroli moja tu, lakini ndege tunazo. Uwanja uko hapa hapa mjini, na vindege vya watalii wa mbugani vinapita kila kiangazi.

Kuna mzee aliyewahi kufanya kazi ya kujaza mafuta kwenye vindege hivyo. Siku hizi huuza mapipa matupu, na masalia ya mafuta hutumia mwenyewe nyumbani. Nilimkuta uani kwake, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Mafuta ya ndege, ya kuweka wapi?" akauliza.

"Kwenye gari."

"Gari yenyewe inaruka?"

"Inakaribia."

Akacheka, akamwita mkewe alete chai. Mama yule aliwasha jiko la utambi pale pale mbele yangu, moto ukashika wa bluu, ukatulia. Nikamsifia. Nilisema, na maneno ni yangu mwenyewe, "Mama, jiko lako halitoi moshi."

"Ni haya mafuta ya ndege," akasema. "Ya taa ya dukani yanatoa masizi, yanachafua sufuria. Haya ni yale yale, ila yamechujwa."

Ni yale yale, ila yamechujwa. Niliyasikia maneno hayo, nikayatikisia kichwa, nikapuliza chai yangu. Nilikuwa nimejishughulisha kumuuliza mzee kama dumu lake ni safi. Nilitaka kujua limewahi kubeba nini, limeoshwa kwa kitu gani, na kama mfuniko wake unabana. Alinijibu yote kwa uvumilivu. "Haya ni ya ndege, binti yangu, na ni safi kabisa," alisema. Hakunidanganya hata neno moja. Mimi ndiye sikujua kwamba ndege zina mafuta ya aina mbili. Zile za zamani zenye injini kama ya gari hutumia petroli yao yenye namba kubwa, na hayo ndiyo waliyokuwa wanayasema mtandaoni. Zenye injini ya kuvuma, ambazo ndizo nyingi siku hizi, hutumia kitu ambacho ni ndugu wa tumbo moja na mafuta ya taa. Kwa Kiswahili chetu yote ni mafuta ya ndege.

Nilichanganya Alhamisi. Lita ishirini za petroli, lita tano za mzee. Nilipima kwa kopo lenye mistari, nikainama ili jicho langu liwe sawa na mstari, nisipunje wala nisizidishe. Nikikumbuka jinsi nilivyoinama naona aibu kuliko kitu kingine chochote.

Gari liliwaka mara ya pili. Lilitoa moshi mweupe kidogo, nikajiambia ni oili niliyopaka wakati wa kufunga. Lilivuma. Mafundi wote waliacha kazi, na Fundi Mkubwa akaegemea ukuta akafumba macho.

"Nyuki," akasema.

Nililizungusha mjini polepole, tuta hadi tuta, na halikulalamika. Sasa najua kwamba halikulalamika kwa sababu sikuliomba kitu. Nikampigia Hajati simu.

Alikuja Jumamosi asubuhi amejipaka manukato. Alisema kuna siku mwanawe alimpeleka Sitalike kutazama viboko pale darajani, akanunua mahindi ya kuchoma, wakarudi. Alitaka njia hiyo hiyo.

"Si tungeanza na ya karibu, Hajati?"

"Karibu ni wapi? Nyumbani kwangu nimeshakaa."

Tukaondoka. Nataka niseme ukweli kuhusu safari ile: sikuona mti hata mmoja. Niliona mishale ya dashibodi. Joto, oili, joto, oili. Kila harufu niliinusa kuuliza kama ni yetu. Hajati alikuwa anaongea taratibu, mkono wake umeshika mpini wa mlango, ananionyesha vitu. Hapa alisimama akanunua asali. Hapa alimkimbiza mbuzi wa watu kwa honi, wakatukanwa. Nilikuwa naitika, "Ee. Ndiyo, Hajati," na masikio yangu yako kwenye boneti.

Kisha tukafika kwenye mlima mmoja mrefu.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo alipokuwa anakanyaga. Nilikuwa namgombeza. Kanyaga kidogo, mwanangu."

Nilikanyaga kidogo, na nikasikia.

Ilikuwa sauti ndogo, kavu, kama punje za mahindi zinapasuka kwenye kikaango cha bati chumba cha pili. Nilijua ni nini. Nilikuwa nimesikiliza rekodi zake kwenye simu mpaka nikawa naisikia ndotoni. Na hapa ndipo kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu mpaka sasa. Niliisikia, nikaijua, na sikuachia. Hajati alikuwa anatabasamu. Alikuwa amefumba macho. Nikafikiri, nikiachia ataniuliza kwa nini, nami nitalazimika kusema. Nikaendelea kukanyaga, nikihesabu moja, mbili, tatu, na punje zikaongezeka, zikawa kokoto, na mvumo wa nyuki ukapotea chini yake. Kwa sekunde hizo tatu niliona afadhali injini ife kuliko mimi nionekane nimekosea.

Hajati akafumbua macho. "Hakuwa na sauti hiyo," akasema.

Ndipo nikaachia. Nikaliingiza kando, nikazima, nikatoka. Nikafungua boneti nikasimama nyuma yake, kwa sababu boneti ikiwa juu mtu aliyekaa ndani hakuoni uso. Mashine yangu ilisoma kosa la kugonga, kama vile nilihitaji kuambiwa.

Nilikwenda nyuma nikafungua tanki. Nikanusa. Nilikuwa nimeinusa petroli ile mara nyingi gereji, lakini gereji inanuka kila kitu. Pale porini, kwenye upepo safi, harufu ilikuja peke yake, na sikuikumbuka kutoka gereji. Niliikumbuka kutoka uani kwa mzee, na kikombe cha chai mkononi, na moto wa bluu, na mama yule akisema ni yale yale.

Nilichana karatasi kwenye daftari. Nikachovya waya kwenye tanki, nikadondosha tone kwenye karatasi, nikaiweka juani. Petroli hukauka ikaondoka yote. Nilisubiri. Karatasi ilikauka pembeni, na katikati ikabaki duara linalong'aa, kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

Hajati alikuwa ameshatoka, amesimama nyuma yangu. "Ni nini hicho?"

Nilikuwa na majibu mengi. Plagi. Petroli ya sheli ni mbaya. Gari limekaa sana, Hajati, hata mtu akilala miaka miwili. Yote yalikuja yamepangwa vizuri, kama yalikuwa kwenye daftari.

"Ni mafuta ya taa," nikasema. "Niliyaweka mimi. Niliambiwa ni mafuta ya ndege na kweli ni ya ndege, ila si yale niliyodhani. Nilidhani yanasaidia."

"Umemwekea mwanangu mafuta ya taa."

"Ndiyo."

"Kwa nini? Petroli iliisha mjini?"

"Haikuisha. Kibandiko kilisema daraja la juu tu. Niliogopa ya kawaida isije ikamuua."

Aliichukua karatasi akainusa. "Yeye alikuwa anajaza pale sheli ya njia panda," akasema. "Siku zote. Nilikuwa namtuma na dumu la jenereta, anajaza vyote viwili pampu moja."

Sikuwa nimemuuliza. Wiki tatu niliuliza simu, nikauliza sheli, nikauliza watu wa nchi ambazo sitafika, na sikumuuliza mama yake gari hili lilikuwa linakula nini.

"Limenoki?" akauliza. Alilijua neno hilo kutoka kwa mwanawe.

"Sijui, Hajati."

"Nani anajua?"

"Nikilifungua nitajua."

Akarudi ndani ya gari, akafunga mlango taratibu sana.

Nilimpigia Fundi Mkubwa simu, akaja na pikapu na kamba. Alishuka, akanusa tanki mara moja tu, mara moja, akaangalia pembeni ili asicheke mbele ya Hajati. "Injinia, imegoma kuruka?" akaniambia kwa sauti ya chini. Alipoona uso wangu akaacha, akafunga kamba mwenyewe.

Alimwambia Hajati apande mbele kwenye pikapu. Akakataa. Tulirudi hivyo, tunavutwa, mimi nimeshika usukani wa gari lisilo na sauti na yeye pembeni yangu. Tukaanza kuona mabati ya mji. Hapo akasema, bila kunitazama, "Ulisema petroli nzuri ni inayosubiri cheche?"

Fundi Mkubwa alikuwa amemsimulia hotuba yangu. "Ndiyo, Hajati."

"Basi wewe ni ile nyingine."

Nilimwaga tanki lote. Nikasafisha mirija, nikabadilisha chujio tena, nikatoa plagi, nikaangalia ndani ya silinda kwa kitochi, moja baada ya nyingine, nikitafuta lile tundu jeusi. Halikuwepo. Nikapima kompresheni. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya nne sawa. Ya tatu ilikuwa imepungua. Kidogo, lakini imepungua, na safu ya wino ya wiki iliyopita ilikuwa pale juu yake inanishuhudia.

Nilipima silinda ya tatu mara sita. Fundi Mkubwa akaja akasoma juu ya bega langu.

"Usimwambie," alisema. "Hiyo ni tofauti ya mtu kupiga chafya. Kuna magari mapya yana tofauti kubwa kuliko hiyo. Utamtia mama wa watu wasiwasi wa bure."

Alikuwa sahihi kuhusu chafya. Na nilitaka sana kumtii. Lakini nilikuwa nimeshasikia sekunde zile tatu, na nilijua nikinyamaza nitakuwa bado nimekanyaga.

Nilikwenda dukani kwake na daftari. Alikuwa anapima kitenge kwa mteja, nikasubiri, mteja akaondoka. Nikamwonyesha safu mbili. Nikamwambia pia ya mlimani, kwamba nilisikia kabla yake na sikuachia.

Alivaa miwani akazisoma namba kama anazielewa. "Hii ya tatu ndipo ulipomwumiza?"

"Ndiyo."

"Atakufa?"

"Akiendeshwa vizuri anaweza kuishi sana. Lakini siwezi kuapa."

"Mimi nilishawahi kuapiwa na madaktari," akasema, na akanirudishia daftari. "Kamjaze pale alipozoea."

Nilikwenda sheli ya njia panda na dumu safi. Nilikuwa nimesubiri mpaka lori likashusha, si kwa sababu ya ukali, ni kwa sababu petroli iliyokaa sana huchoka. Dada yule yule alinikumbuka.

"Ulipata ile namba yako?"

"Nimeipata. Pampu namba mbili."

Baba wadogo walikuja siku ya nne baada ya Idi, wawili, wapole kuliko nilivyowachora. Nilikuwa nimeshalileta gari mbele ya duka. Hajati alisimama mlangoni. Nilipogusa ufunguo, kidole gumba changu kilikaa pale kwenye ngozi iliyochakaa. Liliwaka. Mvumo ukatoka, ukagonga ukuta wa duka la jirani ukarudi. Nilisikiliza chini yake, chini kabisa, nikitafuta punje.

Mkubwa wao akainama dirishani. "Liko sawa lote?"

Nilimtazama Hajati. Yeye alikuwa anatazama gari. "Silinda ya tatu imepungua kidogo," nikasema. "Ni kosa langu mimi. Niliweka mafuta yasiyofaa."

"Linatembea, halitembei?"

"Linatembea."

"Basi." Akanyoosha mgongo. "Shemeji, hatukuja kuhesabu silinda. Kuna chai?"

"Ipo," Hajati akasema. "Ila msimpe huyu binti kazi ya kuichemsha."

Gari lilibaki. Fundi Mkubwa hunitania hadi leo: mteja akiuliza ajaze mafuta gani, ananielekezea kidole na kusema nendeni kwa rubani. Nami nawajibu vizuri siku hizi. Kabla ya kibandiko, nawauliza kwanza gari lilikuwa linajazwa wapi na nani.

Mara moja kwa mwezi nampeleka Hajati kutazama viboko. Kila tukirudi napima silinda ya tatu na kuandika. Haijashuka, lakini sijaacha kuogopa, na sidhani kama nitaacha. Tukifika mlima ule anashika mpini wa mlango, anafumba macho.

"Kanyaga kidogo," anasema.

Nakanyaga kidogo. Nasikiliza. Mguu wangu uko tayari kuachia.